Maji Yasiyokanyagwa

Mimi simwamini mtu. Nalisema mapema ili tusije tukasumbuana. Ukinikaribisha chai nitangoja uinywe wewe kwanza, na ukinisifu nguo nitajiuliza unataka kuazima nini. Lakini nikilinganishwa na wifi yangu Ghaniya, mimi ni malaika. Ghaniya alimshuku hata kuku wake. Kuku akikaa bila kutaga, basi kuna nyumba nyingine anakotaga, na Ghaniya atamfuata nyuma nyuma mpaka bondeni, anajificha kwenye mibuni, mwanamke mzima, mjane wa kaka yangu, anamvizia kuku.

"Ukamwona anataga wapi?" nilimwuliza siku moja.

"Hakutaga. Alijua namfuata."

Ndiye huyo. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshika ufunguo wa maji yetu, na sote tulilala usingizi kwa sababu yake.

Kijiji chetu cha Baiti Lauzi kiko juu mlimani, soko la Alhamisi liko chini, na katikati ya njia ndipo ilipo sikaya: kijumba cheupe chenye kuba, ndani yake birika la mawe, na kata ya bati iliyofungwa kwa mnyororo, maana hata kwenye sadaka wezi hawakosekani. Mpita njia anaingia, anakunywa, anamrehemu aliyeijenga, anakwenda zake. Kuijaza ni kazi ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayelima shamba la wakfu lililo upande wa chini na kula mtama wake. Desturi ndiyo hiyo tangu zama za babu zetu. Aliijaza kaka yangu Muthanna mpaka akafa, kisha mjane wake akaichukua. Alfajiri utamwona Ghaniya na ndoo kichwani, anapanda, anashuka, anagombana na mawe.

Maji yanatoka kwenye chemchemi iliyo juu kidogo ya njia. Na juu ya chemchemi kuna ua wa mawe wenye mlango na kufuli. Ndani hamlimwi, hamchungwi, hamna kitu ila mkunazi mmoja mkongwe. Wazee waliufunga ili pasipite mnyama wala mtu juu ya maji ya kunywa. Ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Ghaniya, na kuutaka ilikuwa lazima ueleze unautakia nini na baba yako angeutakia nini. Maji ya kufulia tunayo ya mvua, kwenye matangi. Lakini ya chai, ya mzazi, ya mgonjwa, kila nyumba ilichota pale chemchemini.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, maana ndilo lililotuua. Kwetu maji aliyooshewa maiti hayakanyagwi. Yanakingwa yote, yale ya majani ya mkunazi na yale ya karafuu maiti, yanatiwa beseni na kumwagwa mahali ambapo mguu haufiki. Zamani kila nyumba ilichimba shimo pembeni mwake. Alipokufa Muthanna, Ghaniya akagoma.

"Shimoni? Kesho mbuzi wenu aje apachimbechimbe? Mume wangu kawanywesha nyote maisha yake, halafu maji yake ya mwisho yakanyagwe na mbuzi?"

Akavua ufunguo, akaufungua ua, beseni likamwagwa chini ya mkunazi. Nani angepinga? Palikuwa ndipo mahali safi kuliko pote tulipokuwa napo. Tangu siku hiyo kila nyumba iliyofiwa ikawa inatuma mtu kuomba ufunguo. Ghaniya, ambaye hakuazimi chumvi bila kukuhoji, alikuwa akiutoa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Ilikuwa heshima ya kijiji, na miaka ikapita bila mtu kuumwa. Waliokufa walikufa kwa uzee, kwa moyo, kwa kuteleza gengeni.

Kisha Hizam, aliyekuwa kuli bandarini Hudaida, akarudishwa amelazwa nyuma ya gari. Macho yamezama, ngozi ya mikono imekunjamana, anaharisha maji matupu kama yaliyooshewa mchele. Adhuhuri haikumkuta. Akaoshwa, ufunguo ukaombwa, ufunguo ukatolewa.

Baada ya Hizam wakaanza kuanguka wengine, nyumba hii leo, ile kesho.

Akaja Nabiha. Ni binti wa hapa hapa, aliyesomea uuguzi mjini Ibb, akaja na masanduku na gari la kuazima. Akatandika mikeka shuleni, wagonjwa wakalazwa, na wanawake tukaitwa uwanjani tusikilize.

"Ni kipindupindu," akasema. "Kinaingia kwa mdomo, kinatoka kwa chini, kisha kinatafuta mdomo mwingine. Njia yake ni maji, mikono na chakula. Chemsheni maji mpaka yatokote, au mtie kidonge hiki cha klorini mngoje nusu saa. Mikono kwa sabuni ukitoka chooni, na tena kabla hujashika unga. Na mtu asijisaidie kwenye matuta."

"Hilo la matuta waambie wanaume," akadakia Lutfiya, mke wa muadhini. "Sisi tuna haya. Wao wanakaa huko wanatazama mandhari."

Tulicheka, Mungu atusamehe, na yeye Lutfiya ndiye aliyecheka zaidi.

Nabiha hakucheka. "Na kwa sasa," akasema, "msichote chemchemini, na sikaya isijazwe. Wagonjwa wote wamekunywa maji ya pale."

Ghaniya akasimama taratibu, anajifunga mtandio upya kama mtu anayekwenda kupigana.

"Umetumwa na nani, mwanangu?"

"Na idara ya afya, shangazi."

"Nauliza hapa kijijini. Umetumwa na nani?"

Kila mtu alijua anamsema Dahan. Dahan alikuwa na matuta ya miraa upande wa pili wa bonde, na pampu, na ulimi mrefu. Mwaka uliotangulia, baada ya sala ya Ijumaa, aliwaambia wanaume kwamba Ghaniya amechoka, kwamba shamba la wakfu apewe mtu mwenye pampu, ataijaza sikaya mpaka imwagike. Wakamkatalia. Na huyu Nabiha mama yake na baba yake Dahan ni ndugu tumbo moja.

"Mwaka jana alitaka shamba, akanyimwa," Ghaniya aliniambia tukirudi. "Mwaka huu maji yangu yana ugonjwa. Na anayesema hivyo ni binamu yake. Hesabu hiyo hata kuku wangu anaiweza."

"Na yale maji siku hizi yana harufu," nikasema. Kweli yalikuwa nayo, si kila siku, lakini kuna siku ukiyapeleka mdomoni unasikia kitu kikali, cha dawa.

"Ile dawa anayopulizia miraa yake! Kaimwaga chemchemini. Anawaua watu apate shamba."

"Lakini wifi, mama yake Dahan, Bi Saada, hanywi mengine ila haya haya. Namwona Dahan kila asubuhi na dumu."

"Dumu la kutuzuga."

"Amtilie mama yake sumu kwa ajili ya kutuzuga?"

"Hamama, wewe uko upande gani?"

Nikaongeza mwendo. Si kwamba nilishawishika. Nilikuwa namshuku Dahan kwa sababu zangu mwenyewe, lakini hizo ni za siku nyingine. Kabla ya jua kuchwa kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba Dahan anatia sumu. Sikaya ikaendelea kujazwa, tena Ghaniya aliijaza mpaka juu kwa hasira.

Sasa Jalila. Jalila ni mjukuu wake, mtoto wa mwanawe anayefanya kibarua Jizan, ng'ambo ya mpaka. Mama yake alikufa katika kumzaa. Ghaniya alimlea kwa maziwa ya mbuzi na maji ya sikaya, na katika dunia nzima yule mtoto ndiye kiumbe pekee ambaye hakuwahi kumshuku. Akisema "bibi, nimeshiba," Ghaniya aliamini kashiba. Asubuhi moja Jalila hakuamka kwenda kulisha mbuzi. Tulipomfunua alikuwa amejichafua, midomo imekauka, ananitazama kama hanijui.

Tukambeba mpaka shuleni, Ghaniya mbele, mimi nyuma. Nabiha akampima, akatoa pakiti za unga wa chumvi na sukari.

"Changanyeni na maji yaliyochemshwa, haya yaliyo kwenye dumu langu. Kijiko, pumzika, kijiko. Akitapika, ngojeni kidogo, mwendelee. Msiache. Maji yanayomtoka lazima yarudi, la sivyo tutampoteza."

Waliolazwa siku moja na Jalila, kesho yake walikuwa wamekaa wanaomba mkate. Jalila alikuwa bado anatiririka. Ukimfinya ngozi kwa vidole, inabaki imesimama. Nabiha akanivuta pembeni.

"Shangazi Hamama, huyu mtoto anapewa nini?"

"Hicho hicho unachompa."

"Haiwezekani."

Nikarudi mkekani, nikakaa, nikatazama. Sikungoja sana. Ghaniya akageuka ukutani, akachomoa kijitungi chini ya shuka lake, akamwinua mtoto kichwa.

"Ghaniya! Hayo maji ya wapi?"

"Ya sikaya. Ya babu yake. Ule unga nimeutia humu humu." Hakuona hata haya. "Maji yao yananuka. Nani anajua wametia nini?"

Nabiha akapiga magoti mbele yake. Alikuwa hajalala, binti wa watu, macho mekundu. "Shangazi, nakuomba. Kinachomwumiza kimo kwenye mtungi huo."

"Nionyeshe."

"Hakionekani kwa macho."

"Kila mwongo husema hivyo."

"Basi nifanyeje uniamini?"

"Hutafanya kitu. Nitafanya mimi." Ghaniya akasimama. "Nitakwenda kumkamata anayetia sumu, nimlete hapa kwa ukosi wa shati, nawe utamtambua kwa sababu ni ndugu yako." Kisha akainama sikioni mwa mtoto. "Jalila, roho yangu, usinywe kitu ila kilichomo humu. Akija mtu na kijiko, uma meno."

Jalila akaukumbatia ule mtungi. Yarabi! Mtoto hana nguvu ya kuinua kope zake, lakini mtungi kaushika, na Nabiha alipopeleka kijiko akauma meno. Nilihisi hasira ya kumpiga wifi yangu kofi mbele za watu. Badala yake nikaenda naye, maana alinishika mkono na kunikokota.

"Nikiwa peke yangu watasema nimezua. Twende, uwe shahidi."

Tukiwa mlangoni tu akatukuta Shuiya, mwosha maiti wa kike, analia. Lutfiya amefariki alfajiri. Lutfiya yule wa kicheko cha matuta. Shuiya akaomba ufunguo. Ghaniya akauvua shingoni pale pale, akaubusu, akampa kwa mikono miwili. "Mwambieni muadhini kazi ya Mungu haina makosa," akasema, machozi yanamshuka. Akayafuta, tukaenda kumvizia muuaji.

Tukajificha kwenye mibuni, mkabala na chemchemi. Siafu wakatupanda. Muda si muda akaja Dahan na punda wake. Ghaniya akanibana mkono mpaka nikauma mtandio. Dahan akatazama huku na huku, na mimi nikasema leo ndiyo leo. Akainama, akakinga viganja, akanywa. Akanywa tena. Akajaza dumu, akampakia punda, akaondoka.

"Umeona?" nikanong'ona. "Kanywa mwenyewe."

"Alijua tunamwona."

"Ghaniya, hiyo uliisema juu ya kuku!"

Jua likapanda. Nikawa namfikiria Jalila na ule mtungi, nikataka kuondoka, ndipo akaja Shuiya na beseni kichwani limefunikwa kitambaa cheupe. Tukainua mikono tukamsomea Lutfiya Fatiha pale pale vichakani. Shuiya akafungua ua, akaingia chini ya mkunazi, tukasikia maji yakimwagika. Akatoka, akafunga, akashuka polepole akiomba dua.

Ghaniya alilia kweli. "Alikuwa na mdomo, lakini alikuwa na moyo," akasema. Tukakaa tena. Hakuna aliyekuja. Mwishowe akanyanyuka, magoti yanamlia.

"Huyu mshenzi leo haji tena. Ngoja nimtekee Jalila maji mapya, yale yatakuwa yameisha."

Akashuka chemchemini, akakinga kiganja kwanza apate kunywa mwenyewe. Kikafika mdomoni, kikasimama hapo. Nikamwona anabaki vile vile, maji yanamvuja vidoleni.

"Hamama. Njoo unuse."

Nikanusa. Sikuhitaji kunusa mara mbili. Ilikuwa karafuu maiti. Ile "dawa" tuliyokuwa tukiisikia siku fulani fulani, siku za misiba, kumbe ilikuwa hiyo, na pua zetu zilikuwa na shughuli nyingine za kumnusa Dahan. Na juu ya maji, kwenye mwamba, palikuwa na povu dogo la kijani, la majani ya mkunazi yaliyopondwa.

Ghaniya akainua uso akautazama ukuta wa ua. Kisha akajishika shingoni, mahali pa ufunguo, na ufunguo haukuwapo.

"Hizam," akasema. "Hizam tulimwaga hapa. Na baada yake... na wote, Hamama, wote tumewamwaga hapa. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeufungua ule mlango."

Nilitaka kumwambia neno la kumpoza, lakini hakulingoja. "Jalila!" akapiga ukelele, akakimbia. Tangu aolewe na kaka yangu sikuwahi kumwona Ghaniya akikimbia. Viatu viliachwa njiani, mimi nikaviokota nikiwa nahema nyuma yake.

Alipofika shuleni mtoto alikuwa amelala, mtungi kifuani. Ghaniya akaunyakua, akatoka nao, akauvunja kwenye shimo la chokaa wanakomwaga uchafu wa wagonjwa. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akarudi kwa Nabiha na kunyoosha mkono.

"Nipe hayo yako yanayonuka."

Nabiha akampa. Ghaniya akakaa, akamweka mtoto mapajani. "Fungua mdomo, roho yangu. Bibi alikosea. Kunywa." Kijiko, pumzika, kijiko. Akitapika, anangoja, anaanza tena. Huku kijiko kinakwenda, akamsimulia Nabiha yote, ua, mkunazi, beseni, bila kumtazama usoni.

"Ulisema hakionekani kwa macho," akamaliza. "Nimekinusa."

Nabiha akajishika kichwa. "Mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huu umejaa ugonjwa, shangazi. Maji yake ya josho ndiyo mabaya kuliko yote. Inatakiwa aoshwe kwa maji ya klorini, mwosha avae glavu, na maji yale yaende kwenye shimo refu lenye chokaa, upande wa chini, mbali na maji ya watu. Siku zote hizi sikuwahi kuuliza mnamwaga wapi. Niliuliza vyoo tu."

Alasiri, Jalila alikuwa hajatapika kwa muda, na Shuiya alikuwa amekwisha kuurudisha ufunguo, tukasikia vilio upande wa pili wa bonde. Nyumbani kwa Dahan. Bi Saada, mama yake, amefariki. Kumbe alikuwa akiumwa tangu juzi, nao wakamficha ndani, maana watu walikwisha kusema Dahan ana sumu. Akipelekwa shuleni si watasema kaanza na mama yake? Walimpa maji ya chemchemi apoe.

Haukupita muda Dahan akaja mwenyewe. Akasimama mlangoni pa shule, nyuma yake nusu ya kijiji. Hakuwa yule wa ulimi mrefu.

"Mama Ghaniya," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya ufunguo."

"Sikupi."

Watu wakaguna. Nikasikia mtu akisema, "Hata kwa maiti?"

"Kila nyumba umeipa," Dahan akasema. "Hizam umempa. Asubuhi hii umempa muadhini. Mama yangu amekukosea nini? Kama ni shamba, nilitaka mimi, nichukie mimi. Yeye alikuwa akikuombea dua kila anapokunywa."

Ghaniya akamlaza Jalila, akasimama.

"Dahan, mimi niliwaambia watu unatia sumu kwenye maji."

"Nimesikia. Mpaka punda wangu amesikia."

"Aliyetia ni mimi."

Akawaeleza. Hakuzunguka: maji ya josho, ua, chemchemi, Hizam, Jalila. Akalitaja na jina la Muthanna, kwamba ni yeye Ghaniya aliyewafundisha kumwaga pale kwa kumheshimu mumewe. Unadhani waliamini? Baiti Lauzi hii? "Anazua," akasema mmoja. "Hataki kumpa, basi anazua." Na mwingine, "Miaka yote hiyo hapakuwa na neno, leo ya Bi Saada ndiyo yenye ugonjwa?" Kwa mara ya kwanza nikamwona Ghaniya anaonja alichokuwa akitupikia siku zote.

"Msiniamini," akasema. "Mimi mwenyewe nisingeniamini. Njooni mnuse."

Wakaja. Dahan akainama wa kwanza, akakinga kiganja pale pale alipokinga asubuhi, akakipeleka puani. Kisha akaketi chini kwenye matope, na wanaume wakageuza nyuso wasimtazame.

"Dumu zima," akasema. "Nilimpa dumu zima."

Ghaniya akashuka mpaka shamba la wakfu, upande wa mwisho kabisa, chini ya kila chemchemi na kila tangi, ambako mtama ulikuwa umekomaa unangoja kuvunwa. Akachukua mundu akaufyeka, masuke yake mwenyewe, akayatupa kando, akaanza kuchimba. Wanaume wakamnyang'anya jembe, wakachimba wao, shimo la kwenda chini hasa. Nabiha akaleta chokaa na glavu, akakaa na Shuiya wakati wa kuosha. Beseni la Bi Saada likaletwa pale.

"Hapa patazungushiwa ukuta," Ghaniya akamwambia Dahan. "Hapatalimwa na mimi wala na atakayekuja baada yangu. Hakuna mguu utakaomkanyaga mama yako."

Dahan akaitika kwa kichwa.

Jalila alipona. Kwanza aliomba mkate wa tanuri, akanyimwa; akaomba ugali wa mtama na mchuzi wa uwatu, akapewa uji; akanuna, na Ghaniya akalia kwa furaha ya kumwona amenuna. Ule ua tuliukwangua udongo wa juu wote, tukauzika mbali. Chupa ya maji ikapelekwa Ibb kupimwa, ikapelekwa tena, mpaka jibu likarudi kwamba yamesafika. Birika la sikaya likasuguliwa kwa klorini, likafunikwa, likatiwa bomba, ili mtu asichovye kata na mkono wake ndani. Kila asubuhi Ghaniya anatia dawa kama alivyofundishwa, anangoja, kisha anafungua mlango.

Na hakuna aliyekunywa. Wiki baada ya wiki watu wanapita kwenda sokoni, ndimi nje kwa kiu, wanamsalimia, "Hujambo mama Ghaniya," wanapita. Hata mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nabeba chupa yangu ya maji yaliyochemshwa. Yeye akakaa pale kizingitini na Jalila, wanapukuchua mtama, wanangoja.

Alhamisi moja nilikuwa nimeketi nao alipotokea Dahan na punda. Akasimama. Akaitazama sikaya, akamtazama Ghaniya.

"Yako salama?"

"Yako salama."

"Kunywa wewe kwanza."

Ghaniya akafungua bomba, akajaza kikombe, akanywa chote, akakigeuza juu chini kumwonyesha. Dahan hakusogea.

"Wewe umekwisha kula chumvi nyingi," akasema. Akanyoosha kidole kwa Jalila. "Anywe huyo."

Nikasimama nikitaka kumtukana. Ghaniya akaniashiria nikae. Alikijaza kikombe tena, akakiinua kwenye mwanga, akakinusa, akakinusa tena. Niliona jinsi asivyotaka. Kisha akakiweka mikononi mwa mtoto.

"Kunywa, roho yangu."

Jalila akanywa, akakunja pua. "Yananuka dawa, bibi."

Dahan akakipokea kile kikombe mikononi mwake, kina maji nusu.

"Mama hakupenda harufu ya dawa," akasema, na akanywa.

Akarudisha kikombe, akamkokota punda, akashuka sokoni. Ghaniya akakiosha kwa sabuni, akakisuuza, akakiosha tena.